Mfuko wa tangi la pikipiki: Tazama kwanza utakavyofungwa

MWENDESHAJI wa bodaboda anayetoka Garsen kuelekea vijiji vya Ndera, Kaunti ya Tana River, hubeba mizigo ya aina mbili. Wa kwanza huonekana na kila mtu: abiria, gunia la unga, mkungu wa ndizi, pengine mbuzi aliyefungwa miguu. Mahali pa mzigo huo ni nyuma. Wa pili ni mdogo, lakini aghalabu ndio wenye thamani kubwa zaidi: simu, pesa za mauzo, kadi ya kliniki ya mama mjamzito, barua ya chifu, dawa alizoagizwa kumfikishia mgonjwa.

Mzigo huo wa pili hauna mahali. Hutiwa mfukoni ukalowa jasho, au huning'inizwa kwenye usukani ukawa unayumba katika kila kona, au hufungwa nyuma kwa mpira wa tyubu, mahali asipouona mwendeshaji. Afikapo mwisho wa safari ndipo anapogundua kuwa kifurushi kimedondoka, na hajui kilidondokea wapi katika njia yote aliyopita.

Dawa ya tatizo hilo ni mfuko wa tangi, yaani mfuko mdogo unaokaa juu ya tangi la petroli, mbele ya kifua cha mwendeshaji na machoni pake. Nchini Kenya mfuko huu umezoeleka zaidi miongoni mwa waendeshaji wa pikipiki kubwa za safari ndefu. Kwa wanabodaboda, jamaa yake wa karibu ni kava la tangi la ngozi bandia lenye kijifuko, ambalo hushonwa na mafundi wa jua kali wanaotengeneza viti vya pikipiki.

Kosa linalofanywa na wanunuzi wengi ni kuanza na ukubwa wa mfuko, idadi ya zipu na rangi. Swali la kwanza linapaswa kuwa namna mfuko utakavyoshikamana na pikipiki. Mfuko hafifu uliofungwa sawasawa utachakaa polepole na mwenyewe ataona. Mfuko wa bei ghali uliofungwa ovyo unaweza kuubana usukani katikati ya kona, na hapo mwendeshaji hapati nafasi ya kujirekebisha.

Njia za Ndera

Ndera iko kandokando ya Mto Tana, kaskazini mwa mji wa Garsen, katika ukanda wa misitu ya kingo za mto ambamo Hifadhi ya Kitaifa ya Nyani ya Mto Tana ilianzishwa mwaka 1976. Jina lake ni la mojawapo ya makundi ya Wapokomo, wakulima wa kingo za mto, ambao ni majirani wa wafugaji wa Kiorma. Lami ni ya barabara kuu. Mtu akishaiacha na kuingia ndani, hukutana na udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata kama gundi mvua inyeshapo, kisha kiangazi hukutana na mchanga na vumbi. Katika njia kama hizo gari dogo halina kazi kwa miezi kadhaa ya mwaka, na pikipiki ndiyo huwa teksi, lori na ambulansi.

Haikuwa hivyo zamani. Pikipiki zilienea kote nchini baada ya serikali, mwaka 2008, kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zenye injini ndogo, chini ya sisi 250. Tangu hapo huduma nyingi za mashambani zimekuja kutegemea magurudumu mawili. Septemba 2023, serikali ilipozindua mpango wa wahudumu 100,000 wa afya ya jamii na kuwakabidhi mikoba ya vifaa, sehemu kubwa ya kazi hiyo katika maeneo kama Tana Delta ilikuwa ni ya kufikia nyumba zilizotawanyika, kwa miguu au nyuma ya bodaboda. Vidonge, vipimo na vitabu vya kumbukumbu vinasafiri katika njia hizo hizo. Kwa hiyo anayechagua mfuko wa tangi Ndera hatafuti pambo.

Kwa watengenezaji wa mifuko hii kuna njia tatu kuu za kuifunga: sumaku, mikanda na pete ya kifuniko. Kila moja ilibuniwa kwa ajili ya barabara fulani, na si zote zilizofikiria barabara ya Ndera.

Sumaku na vumbi lake

Mfuko wa sumaku huwa na mabawa mawili au manne yaliyoshonewa vipande vya sumaku ndani. Mwendeshaji huuweka tu juu ya tangi, mabawa yakashika chuma pande zote mbili. Kuuondoa ni sekunde mbili. Anayesafiri kwa lami kutoka Minjila hadi Malindi, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, na kusimama kila mara kutia petroli, hana sababu ya kuukataa.

Sharti la kwanza ni tangi liwe la chuma. Matangi ya pikipiki nyingi za bodaboda ni ya chuma, lakini zipo pikipiki, hasa za njia mbovu, zenye tangi la plastiki, na nyingine zina tangi la chuma lililofunikwa mbavuni kwa vipande vya plastiki. Jicho peke yake hudanganywa na rangi. Jaribio ni rahisi: sumaku ya spika mbovu ya redio ikipitishwa juu ya tangi, upande kwa upande, itasema ukweli. Ijaribiwe pale pale mabawa ya mfuko yatakapolala, si juu karibu na kifuniko pekee.

Sharti la pili husahaulika zaidi. Nguvu ya sumaku hupungua upesi mno inapotenganishwa na chuma, hata kwa unene wa nguo. Mwenye kava la ngozi bandia lenye sponji juu ya tangi lake asitarajie sumaku ishike inavyopaswa. Dukani, juu ya tangi tupu, itashika kikiki. Juu ya kava itateleza kwenye tuta la kwanza.

Lakini sababu kubwa ya kuitilia shaka sumaku katika eneo la mto ni mchanga. Kila mtoto aliyewahi kuburura sumaku mchangani anajua kwamba hutoka na ndevu nyeusi za chembechembe zenye chuma. Mfuko ukiondolewa tangini na kuwekwa chini walau mara moja, chembe hizo hung'ang'ania mabawa yake. Ukirudishwa, kila mtikiso wa njia huwa kama kusugua tangi kwa msasa. Rangi huisha, chuma hubaki wazi, na katika hewa yenye unyevu wa delta kutu haichelewi.

Yapo mengine madogo. Sumaku zenye nguvu huweza kuharibu ule mstari mweusi wa kadi za benki na kuivuruga dira ya simu. Si hasara kubwa kwa asiyekuwa na kadi, ila anayetumia ramani ya simu kwenye njia za ng'ombe atashangaa mshale ukimwonyesha kaskazini mahali ilipo kusini.

Mikanda minne

Njia ya pili ndiyo ya kale, na kwa barabara za Ndera ndiyo bora. Mfuko, au kitako chake kinachobaki tangini, hufungwa kwa mikanda: mmoja au miwili mbele, inayozunguka shingo ya fremu chini ya usukani, na miwili nyuma, inayopita chini ya kiti na kushikwa kwenye fremu. Haijali kama tangi ni la chuma au la plastiki. Haijali kava. Pikipiki ikiuzwa na nyingine kununuliwa, mikanda huhama nayo.

Ugumu wake uko mbele. Chini ya usukani ndimo hupita kebo ya klachi, kebo ya akselereta na nyaya za umeme. Mkanda ukizungushwa juu ya kebo hizo badala ya kupitishwa nyuma yake, ukigusana na fremu tupu, matokeo yake huonekana pale usukani unapokatwa: kebo ya akselereta huvutwa na injini hunguruma yenyewe. Katika uwanja wa fundi jambo hilo huchekesha. Kwenye daraja lenye magari halichekeshi. Jaribio lake lifanywe pikipiki ikiwa imesimama na gea ikiwa huru: injini iwashwe, usukani ugeuzwe hadi mwisho kushoto, kisha hadi mwisho kulia. Mlio ukibadilika hata kidogo, mkanda ufunguliwe na upitishwe upya.

Mkanda wa mbele pia usiwe karibu na kichwa cha injini wala bomba la moshi. Nailoni haiungui kwa kishindo. Hulainika, hukunjamana, kisha hukatika siku mzigo ulipo. Vivyo hivyo ncha za mikanda zinazobaki baada ya kukazwa: zikunjwe na kushonwa au kufungwa, zisiachwe zikipepea kuelekea mnyororo na spoki.

Swali ambalo kila mwanabodaboda atauliza ni hili: kwa nini asitumie ule mpira wa tyubu anaofungia magunia? Jibu ni kwamba mpira umeumbwa kunyumbuka. Gunia la nyuma likinyumbuka kidogo halimdhuru mtu. Mfuko wa mbele ukinyumbuka hurukaruka hadi kwenye usukani, na kila tuta huulegeza zaidi. Kamba za mpira zenye kulabu za chuma ni mbaya kuliko hata tyubu, kwa kuwa kulabu ikichomoka hurudi kwa nguvu upande wa uso. Mkanda wa mfuko wa tangi unapaswa kuwa ule usiovutika, wa aina ya mikanda ya mikoba ya shule, wenye bizimu inayokaza na kulegeza.

Mkanda mpya hulegea. Hata uliokazwa na fundi hodari utahitaji kukazwa tena baada ya kilomita chache za kwanza, nyuzi zikishajinyoosha na sponji ikishalala. Mwenye busara husimama mahali pa kwanza penye kivuli akauvuta.

Kasoro halisi ya mikanda ni kituo cha petroli. Kila mara tangi linapojazwa, mfuko lazima usogee. Ndiyo maana kitako chenye vifungo viwili vya kubofya upande wa mbele hufaa kuliko mfuko uliokazwa moja kwa moja: vifungo vya mbele hufunguliwa, mfuko ukakunjwa kuelekea kitini, kifuniko kikawa wazi. Pale ambapo petroli hununuliwa kwa chupa kando ya njia, kama ilivyo vijijini, umimininaji hauna unadhifu wa pampu na matone hayakosekani. Sponji ya mfuko ikinywa petroli haikauki upesi, na mwendeshaji atasafiri na mvuke huo chini ya pua yake, seuze na kiko au sigara. Mfuko uondolewe kabisa kabla ya kumimina. Na chupa ya petroli ya akiba isitiwe katika mfuko wa tangi kwa hali yoyote.

Pete ya kifuniko

Njia ya tatu ndiyo ya kisasa na ndiyo inayopendwa na waendeshaji wa pikipiki kubwa. Kampuni kama Givi ya Italia na SW-Motech ya Ujerumani hutengeneza pete inayofungwa kwa skrubu zilezile zinazoshika fremu ya kifuniko cha tangi. Chini ya mfuko huwa na kifaa kinachoingia katika pete na kujifunga kwa mlio mfupi. Mfuko hukaa juu kidogo, haugusi rangi, na huondolewa kwa kuvuta kishikio kimoja. Vumbi halina cha kusugua.

Kwa uzuri wake wote, pete ina masharti. Ya kwanza ni kwamba kifuniko chenyewe kiwe na mzunguko wa skrubu unaoonekana juu. Vifuniko vingi vya pikipiki za kazi, zile nyepesi zinazobeba abiria na magunia, havina mzunguko huo. Ni kifuniko kinachofunguliwa kwa ufunguo na kung'olewa kizima. Pikipiki ya aina hiyo haina mahali pa kuishikiza pete, na muuzaji anayesema kwamba fundi atatoboa tangi kidogo anapaswa kuachwa na pete yake. Tangi lililowahi kutiwa petroli lina mvuke ndani, na kutoboa au kulichomelea ni kucheza na mlipuko.

Ya pili, idadi na nafasi ya skrubu hutofautiana toka pikipiki moja hadi nyingine, hivyo pete ya pikipiki moja haiingii nyingine. Skrubu ndefu huweza kugusa mahali isipotakiwa. Fupi hung'oka kwa mtikiso. Raba iliyo chini ya fremu ya kifuniko ikihamishwa na kutorudishwa sawa, maji ya mvua huingia katika petroli. Pete, kwa maneno mengine, ni ya mwenye pikipiki inayoikubali, mwenye fundi makini, na mwenye subira ya kuagiza kutoka Mombasa, Nairobi au ng'ambo.

Tundu dogo la kifuniko

Mfungaji yeyote, kwa njia yoyote kati ya hizo, anapaswa kujua jambo moja ambalo limewatesa wengi. Katika pikipiki nyingi ndogo petroli hushuka kwa uzito wake tu kutoka tangini hadi kwenye kabureta. Ili ishuke, hewa lazima iingie juu, na mlango wa hewa hiyo ni kitundu kidogo kwenye kifuniko. Aliyewahi kumimina mafuta kutoka kwa mtungi wenye mdomo mmoja amekwisha kuona: mafuta hutoka, husita, hugugumia, kwa kuwa hewa haina njia ya kuingia.

Mfuko wenye kitako cha raba laini uliokazwa barabara juu ya kifuniko huweza kuliziba tundu hilo. Pikipiki huwaka vizuri, huenda mwendo fulani, kisha hupoteza nguvu na kuzima kana kwamba petroli imekwisha. Mwendeshaji hufungua plagi, husafisha kabureta, hupuliza bomba. Katika shughuli hiyo huondoa mfuko, hewa huingia, injini huwaka, naye huamini kuwa ameitibu kabureta. Kilomita chache baadaye huzima tena. Chini ya mfuko pawe na nafasi juu ya kifuniko: kitako chenye tundu la mviringo, au vipande viwili vya sponji pembeni vinavyouinua mfuko katikati.

Hapo hapo litazamwe tundu la ufunguo wa kuwashia, ambalo katika pikipiki nyingi liko mbele tu ya tangi. Mfuko ukiulalia ufunguo, utaupinda au kuukata. Pia vitazamwe vitufe vya honi na taa za kuashiria, na mikono ya klachi na breki, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho pande zote mbili. Kati ya mfuko na kila kimojawapo upite walau upana wa vidole viwili. Jaribio hili lifanywe mfuko ukiwa umejazwa. Mfuko mtupu hukubali kila pikipiki.

Ukubwa, uzito na vilivyomo

Kuhusu ukubwa, tamaa ndiyo adui. Madukani ipo mifuko ya lita 20 na zaidi, iliyobuniwa kwa mtu anayesafiri peke yake kwenye lami kwa wiki nzima. Mwanabodaboda mwenye abiria nyuma husukumwa mbele kila anapokanyaga breki, na mfuko mkubwa humbana tumboni. Katika mchanga mzito mwendeshaji husimama juu ya vikanyagio na kuinama mbele. Mfuko mrefu humzuia kufanya hivyo, na kumfichia mita na taa ya gea. Lita tano hadi 10 zinatosha. Kwa kipimo cha macho, mfuko usizidi mtungi wa mafuta wa lita 10, nao uwe umelala kuliko kusimama.

Uzito uwe mdogo vilevile. Watengenezaji huandika kikomo chao, na kwa mingi ni kilo chache tu. Pakiti mbili za unga za kilo mbili ni kipimo chema cha mwisho. Zaidi ya hapo pikipiki huanza kuwa nzito mbele, na bizimu huanza kufanya kazi isiyo yake.

Kilichomo ndani nacho kina kanuni, na ya kwanza inahusu nyonga. Pikipiki inapogonga kitu, mwendeshaji hurushwa mbele na sehemu ya kwanza ya mwili kukutana na chuma ni kinena na nyonga dhidi ya tangi. Madaktari wa mifupa wanayajua majeraha hayo. Mfuko wenye nguo au makaratasi hapo katikati hauna madhara makubwa. Wenye spana, nyundo na kufuli ya mnyororo ni jambo jingine. Vyuma viwekwe chini ya kifuniko cha ubavuni au nyuma ya kiti.

Kwa sababu hiyo hiyo mtoto hana nafasi juu ya tangi, pawe na mfuko au pasiwe. Ni mazoea ya vijijini na mijini kumkalisha mtoto mbele ya mwendeshaji, mama na mwanawe mwingine wakiwa nyuma. Sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu kwa pikipiki, na tangi si kiti. Mfuko laini humfanya mtoto akae kwa raha zaidi, jambo linaloongeza kishawishi, lakini hakuna cha kumshika breki ikikanyagwa ghafla ila usukani ulio mbele ya kifua chake.

Kanuni nyingine ni joto. Tangi liko juu ya injini, na katika mchanga pikipiki huenda polepole, injini ikichemka bila upepo wa kuipoza. Juu yake kuna jua. Mfuko mweusi ulioachwa juani adhuhuri ya Februari huwa kama chungu jikoni. Dawa ya malaria iliyozoeleka, yenye mchanganyiko wa artemether na lumefantrine, huandikwa kwenye pakiti ihifadhiwe chini ya nyuzijoto 30 za Selsiasi, kiwango ambacho Garsen hukivuka hata kivulini. Safari fupi si tatizo. Tatizo ni mfuko kusahauliwa juu ya pikipiki mwendeshaji akinywa chai. Akishuka, nao ushuke, uingie kivulini pamoja naye. Rangi ya kahawia au kijivu hafifu ni bora kuliko nyeusi, ingawa huonyesha uchafu upesi.

Chanjo zisiwekwe humo kamwe. Nyingi hutakiwa zisafiri kati ya nyuzi mbili na nane, ndani ya kisanduku maalumu chenye vipande vya barafu, na kisanduku hicho hufungwa nyuma au hubebwa begani, mbali na injini.

Maji

Mifuko mingi huja na kikoti cha mvua. Kikoti husaidia dhidi ya mvua inayotoka juu, si dhidi ya maji yanayorushwa kutoka chini, wala si pikipiki inapoangukia dimbwi. Kila tundu la sindano katika mshono ni mlango wa maji. Ulinzi wa kweli ni wa ndani: mfuko wa pili usiopitisha maji, unaokunjwa mdomo mara tatu na kufungwa. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku nchini Kenya Agosti 28, 2017, kwa hiyo njia ya zamani ya kufunga simu katika karatasi ya nailoni si jibu. Mkebe wa chakula wenye kifuniko kinachobana hufaa, na kipande cha tyubu ya lori kilichoziba upande mmoja kwa gundi na kukunjwa upande wa pili ni kifuko imara kuliko vingi vya dukani.

Mafuriko ya mwisho wa 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, yalikata barabara katika sehemu kadhaa za kaunti, na watu wakalazimika kuvuka kwa boti. Mwishoni mwa Aprili 2024 moja ilizama huko Kona Punda, kati ya Madogo na mji wa Garissa, na watu wakafariki. Hata katika msimu wa kawaida kuna vijiji visivyofikika bila mtumbwi, na pikipiki huvushwa juu yake. Kwa mwendeshaji wa huko, mfuko usioweza kung'olewa kwa mkono mmoja haufai. Kabla pikipiki haijainuliwa, mfuko uondolewe na ubebwe begani. Uning'inizwe bega moja tu, usipitishwe shingoni na kifuani, ili mtu akitumbukia aweze kuuachia.

Anayekusudia kushonesha badala ya kununua ana faida moja: fundi ataushona juu ya pikipiki yenyewe. Kitambaa kiwe turubai zito la malori, uzi uwe wa nailoni, mshono uwe wa mistari miwili, na mahali mikanda inaposhonewa pawekewe kipande cha pili cha turubai kwa ndani, maana hapo ndipo mifuko mingi huraruka. Zipu ifunguke upande wa mwendeshaji na iwe na ukingo unaoifunika. Kitako kiwe na sponji ngumu iliyofunikwa kitambaa laini, na kabla ya kukifunga tangi lifutwe vumbi kwa kitambaa kibichi. Ufutaji huo urudiwe kila wiki, au kila baada ya safari ndefu ya kiangazi.

Malipo yangoje hadi pikipiki izungushwe uwanjani kwa fundi, mfuko ukiwa umejaa na abiria akiwa nyuma, usukani ukikatwa hadi mwisho kushoto na kulia.